Kufuli Langu

Miaka kumi na sita nimebeba kufuli kwenye mkoba,
kufuli, lakiri nyekundu, kitabu cha hati chenye kaboni,
na miwani ya pili kwa ajili ya maandishi madogo.
Isevya nimefunga duka. Ng'ambo nimefunga mawili.
Kiloleni nilimfungia shemeji yangu,
akaninunia hadi Idi mbili zikapita.

Kazi ilikuwa na mlango.
Unabisha hodi, unaingia, unauliza cheti,
unageuza boksi kutafuta tarehe,
unanusa rafu: panya wana harufu yao, unyevu una yake.
Muuzaji anatokwa jasho, au anakuletea soda.
Vyovyote vile, mtu yupo.

Juzi Milembe wa Ipuli kanifuata ofisini
na mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili.
Vidonge vya presha. Kavinunua kwa simu,
kwa mtu mwenye koti jeupe ndani ya kiduara,
aliyemwita "mama yangu" katika kila ujumbe
na kumwekea alama ya moyo.
Elfu thelathini na nane. Vilikuja kwa basi la usiku,
vimelala kati ya viatu vya mitumba na betri ya pikipiki.

Nikamuuliza kwa nini. Swali la kijinga.
"Zahanati waliniambia nirudi wiki ijayo.
Wiki ijayo wakaniambia nirudi wiki ijayo.
Presha, baba, haijui foleni."

Nikatumbukiza kimoja kwenye glasi ya maji.
Si kipimo cha maabara, najua.
Kikaelea. Tukakitazama, mimi na yeye,
kama watu wanaosubiri mtoto aseme ukweli.
Saa nzima baadaye kilikuwa bado kinaelea,
kizima, cheupe, hakina habari na moyo wa mtu.

Nikapiga namba. Haipatikani kwa sasa.
Nikatafuta anwani: "Tunapatikana Tanzania nzima."
Tanzania nzima! Lakiri yangu ingetosha?
Na hati ningeibandika wapi,
kwenye kioo cha simu ya Milembe?
Niliijaza hata hivyo. Jina la muuzaji: mstari.
Mtaa: mstari. Namba ya usajili: mstari.
Kaboni ikainakili mistari yangu kwa uaminifu mkubwa.

Sasa niseme na hili, maana nyumbani wanalijua.
Mwaka juzi pumu ilipomkaba Kalunde
na mji mzima hauna kile kichupa cha kuvuta,
mimi, mwenye kufuli, niliagiza kwa simu hiyo hiyo.
Kilifika kesho yake asubuhi, kimefungwa vizuri.
Risiti ina jina, jina lina namba,
namba ikapokelewa na mfamasia aliyeniuliza
mtoto ana kilo ngapi, anatumia dawa gani nyingine.
Kalunde akavuta. Kifua kikalegea.
Mimi nikaenda kulia jikoni.

Kwa hiyo wanaponiita mkutanoni,
mmoja anasema tufunge yote, mwingine tuache yote,
nakumbuka glasi, nakumbuka kichupa,
na neno langu nalisema vibaya, maana si msemaji:
msinipe kufuli jingine.
Nipeni mlango.
Muuzaji awe na pahala pa kubishiwa hodi,
na jina la kwenye cheti, si la mapenzi,
na mtu wa kupokea simu
siku kidonge kinapogoma kuzama.

Katibu akaandika: "Mjumbe ameomba samani."

Milembe huenda Kitete alfajiri na ndoo ya kukalia.
Ile glasi iko dirishani kwangu. Maji yalikauka taratibu,
na kidonge, kwa kukosa pa kuelea, kikatua.
Kufuli nalo, lisizeeke bure,
nafungia baiskeli.